Isale kwa Njia ya Posta

Jumapili, 6 Aprili 1997

Daftari hili nilipewa na dada yangu siku ya kuniaga Kibosho, akaniapisha nisije nikaandika mapishi humu. Limelala sandukuni tangu nifike Brussels Februari, kwa sababu mtu mwenye furaha hana muda wa kushika kalamu. Leo nimeishika, maana furaha imezidi kipimo na nisipoimwaga mahali itanipasua.

Tumeshinda safari ya meli! Mimi Dafrosa, ambaye shuleni hata tulipopigia kura viazi nilitoka na kile kilichooza! Rolande, dada wa Bukavu ninayefanya naye usafi wa ofisi kule Schuman, alitupeleka kwenye sherehe ya parokia moja Auderghem baada ya misa. Kulikuwa na gofri za sukari, vile vikate vya hapa, watoto wanakimbizana, na bahati nasibu. Nikachukua tiketi moja tu. Padre akasoma namba, Rolande akapiga yowe kabla yangu: "Njo yako! Dafrosa, njo yako, simama!" Siku nane baharini, watu wawili, kwenda Norwei mwezi wa Juni. Elineema wangu akaninyanyua mbele ya padre na mbele ya Mungu, akazunguka nami mpaka kiatu kikanitoka.

Mume wangu ana masikio madogo yaliyolala vizuri kama kurasa za Biblia. Sijui kwa nini nimeandika hilo. Nimeandika kwa sababu ni kweli.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Vyoo vya ghorofa ya sita vimeziba. Bado nina furaha.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo tumekwenda ofisi ya usafiri iliyotoa zawadi, iko mtaa wa nyuma ya uwanja wa Flagey. Mwenyewe anaitwa Monsieur Constant, mnene, tai yake ina picha za samaki. Elineema alinitafsiria kila neno kwa sababu Kifaransa changu bado ni cha sokoni. Yeye ana miaka sita hapa, dereva wa ubalozi. Meli itaondoka Zeebrugge, itapanda kaskazini, itaingia kwenye mikono ya bahari iliyojipenyeza katikati ya milima. Kisha Monsieur Constant akatoa fomu, akaweka kidole chini kabisa. Kuna kisanduku. Siku ya tano, anayependa anaweza kushuka, aende bara kwa basi na treni, alale usiku mmoja katika mji wa milimani, kisha aikute meli bandari ya Bergen. Asiyependa anabaki melini, na jioni hiyo ndiyo ya chakula cha nahodha, wanawake kwa magauni marefu. Zawadi yetu inaruhusu lolote kati ya hayo, mradi fomu irudi ifikapo tarehe thelathini Mei.

Monsieur Constant akabusu vidole vyake, akataja mji wenyewe, Voss, akachora hewani maporomoko ya maji. Elineema hakunitafsiria hayo. Niliyaelewa kwa vidole. Nilipomgeukia niliona uso wa mume wangu umezimika kama jiko la mafuta lililopulizwa. Akakunja fomu mara nne, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akasema tutafikiri.

Tukapanda tramu. Nikamuuliza nimekosa nini.

"Hujakosa kitu, mke wangu. Voss ndiko anakoishi Ndekirwa."

Ndekirwa ni kaka yake mkubwa. Alikwenda Norwei kusoma mwaka 1979, akaoa huko, akawa mwalimu huko. Mama yao alipofariki mwaka 1988 alipelekewa telegramu, na hakuja kuzika. Hakutuma hata neno. Mzaliwa wa kwanza! Baba mkwe hataki jina lake litajwe uani kwake Machame. Siku ya harusi yetu mbuzi alipokatwa, ubavu wa kaka mkubwa uliwekwa sahanini mbele ya kiti kitupu, ukakaa pale mpaka mafuta yakaganda, na hakuna aliyeugusa. Niliuona kwa macho yangu kupitia shela.

Basi tukishuka bara tutalala mji mmoja na mtu huyo. Tusiposhuka, nitavaa gauni refu na kucheza na mume wangu juu ya maji. Nashangaa kwamba hapo kuna swali.

Jumamosi, 12 Aprili

Elineema kanipikia ndizi kwa nyama. Ndizi za Matonge, mtaa wa Waafrika hapa, hazina utamu wa kwetu, lakini alizimenya mwenyewe huku akiimba nyimbo za Kilutheri kwa sauti ya nne, bila sauti tatu nyingine. Nilikaa mezani nikimtazama mgongo. Nampenda mpaka naona aibu.

Jumatano, 16 Aprili

Nimehamishwa kutoka vyoo kwenda vyumba vya ghorofa ya sita, na nimekuta nini? Masale! Yako kwenye vyungu vyeupe, kila chumba, yamepangwa dirishani kama mapambo! Mae! Isale lenyewe, lile la mipakani na makaburini, lile ambalo ukimkosea mtu unakata jani, unalifunga fundo, unampelekea, naye hawezi kukunyima msamaha hata awe amekasirika namna gani. Nilisimama na ndoo yangu. Hawa watu wamemkosea nani mpaka wakahitaji masale mengi hivi?

Rolande akanishtua. "Weye! Kata ile majani yenye kukauka. Chef akiyaona atasema hatutumike kazi."

Nikamweleza kwamba kwetu hayakatwi ovyo, na kwa nini. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Alors kwenu muti njo juge, njo inakata kesi? Sisi, mutu akikosa, analeta mbuzi, analeta casier ya bière, bon, inaisha."

"Na sisi mbuzi analetwa, na pombe pia. Lakini jani linatangulia."

"Na mwenyewe akikatala kulipokea?"

"Hawezi."

"Hawezi hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akaacha kucheka. Vita imewatawanya watu wa kwao tangu mwaka jana, na dada yake, Carine, hajulikani aliko. "Ile muti," akasema, "mungeituma kwetu kwa avion, ndege muzima." Kisha akarudi kwenye vumbi lake.

Ijumaa, 25 Aprili

Fomu bado iko kwenye koti. Kila asubuhi kabla ya kutoka Elineema anaugusa mfuko ule, kama mtu anayehakikisha funguo. Kama jibu ni hapana, kwa nini asiandike hapana tukapumzika? Nilimuuliza. Akasema, "Unalipenda lile gauni la bluu nililokununulia?" Nikasahau swali langu. Sasa nimelikumbuka tena.

Jumapili, 27 Aprili

Nilikuwa natafuta uzi mweupe wa kushonea kifungo cha shati lake. Kwenye kitabu chake cha nyimbo za kanisa nikakuta kadi ya Krismasi, kanisa jekundu kwenye theluji. Nyuma imeandikwa kwa mwandiko wa mwalimu: "Mdogo wangu Elineema, nimesikia uko Brussels na utaoa mwezi wa kwanza. Nimefurahi sana. Mlango wangu hauna komeo. Kaka yako, Ndekirwa." Na anwani.

Niliisoma mara tano. Hajawahi kuniambia kwamba kaka yake aliandika. Na mtu aliyeshindwa kumzika mama yake anaandika hivi? Nilitegemea mwandiko wa mtu mwenye kiburi. Huu ni mwandiko wa mtu anayebisha hodi.

Nimeirudisha palepale, ukurasa uleule. Kifungo nimekishona kwa uzi wa kijivu.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu. Tumetembea kwenye msitu ule mkubwa upande wa Auderghem, miti imenyooka kama nguzo za kanisa, na chini maua ya bluu yanaishaisha. Elineema alinibusu mbele ya bibi kizee mwenye mbwa wawili, bibi akapiga makofi! Nikaona huo ndio wakati. Nikasema, polepole, labda shemeji anajuta, labda hajui aanzie wapi.

"Mtu huyo tumemalizana naye."

"Lakini akiwa yeye—"

"Dafro. Tumemalizana."

Alinishika mkono mpaka pete ikanibana. Tukarudi. Sielewi hasira hii inakaa wapi kwa mtu mpole hivi. Miezi yote mitatu sijawahi kumwona akipandisha sauti, hata kwa madereva wa hapa, ambao wangemtia dhambini malaika.

Jumatatu, 5 Mei

Nimefanya jambo zuri!

Nimewaza hivi. Kaka alibisha hodi kwa kadi, na sisi hatukuitika. Kutomjibu mkubwa wako ni kosa, dogo lakini kosa. Mkubwa akishindwa kushuka, mdogo huinama. Tukianza sisi kwa kosa letu dogo, yeye ataona njia ya kuja na lake kubwa. Baba mkwe atasikia, uani Machame patatajwa jina lake, na kitoto chetu kikija, Mungu akipenda, kitakuwa na baba mkubwa.

Basi asubuhi, kwenye chumba cha bwana mmoja wa ghorofa ya sita anayeweka miavuli mitatu mlangoni, nimechagua jani bichi kuliko yote, nimeliomba radhi isale lenyewe, nikakata. Nimelifunga fundo jinsi bibi alivyonifundisha. Nimelitia kwenye bahasha ndefu na karatasi yenye mistari miwili tu: "Kutoka kwa Elineema na mkewe Dafrosa. Mwezi wa sita tutapita Norwei kwa meli." Posta ya Schuman, stempu yenye picha ya mfalme.

Sikumwambia Elineema. Atafurahi mara mbili.

Ijumaa, 9 Mei

Bwana wa miavuli mitatu amebandika karatasi mlangoni kuuliza nani anakata mimea yake. Rolande kanisomea kwa sauti ya jaji. "Accusée, simama!" Tumecheka mpaka tumechelewa metro.

Jumatano, 14 Mei

Hakuna barua. Mvua ya mawe.

Jumapili, 18 Mei. Pentekoste

Redio haina habari nyingine ila kwamba waasi wameingia Kinshasa. Matonge watu wanaimba barabarani, wengine wanalia, na baadhi wanafanya yote mawili. Rolande hakuimba. Alikuwa kwenye foleni ya duka la simu tangu kanisani, na namba aliyopewa ya Bukavu inalia tu, haipokelewi. Nilisimama naye kidogo. Nilikuwa na furaha yangu mfukoni nikaionea haya.

Jumanne, 20 Mei

Nitaandika jinsi ilivyokwenda, nione kama kwenye karatasi itaeleweka.

Barua ilifika leo. Elineema aliitoa kwenye sanduku chini, akapanda nayo, akaiweka mezani bila kuifungua. Stempu ya Norwei. Mimi nilikuwa nasonga ugali, nikaacha mwiko umesimama, nikasema, "Fungua, fungua!" kama mtoto siku ya Krismasi. Akanitazama. Akafungua kwa kisu cha mkate. Ninainakili.

"Mdogo wangu, na wewe shemeji nisiyekujua. Isale lenu limefika, limekauka lakini fundo halijafunguka. Nimelipokea. Kwa hiyo nimekwisha kusamehe, mnajua sina hiari. Sasa niambieni nimesamehe nini. Niliandika nyumbani barua nne kuuliza kwa nini niliarifiwa mama akiwa ameshazikwa siku ya pili, na hakuna aliyenijibu. Nilidhani baba ndiye aliyetaka iwe hivyo, nikanyamaza. Sasa naona kuna mwingine. Isale halijibiwi kwa posta, na aliyelituma hubidi aje kwa miguu yake. Niandikieni siku. Nitakuwa stesheni ya Voss. Ndekirwa."

Elineema aliisoma kwa sauti mpaka mwisho, kisha akauliza, taratibu sana, "Nani amekuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Nani amekuambia, Dafrosa!"

Hajawahi kuniita jina zima.

Nikamwambia hakuna aliyeniambia chochote. Nikamweleza kuhusu kadi, uzi, kosa letu dogo la kutojibu. Akacheka, kicheko nisichokijua, hakina pumzi.

"Kadi. Umemtumia mtu isale kwa sababu ya kadi."

"Kwani kulikuwa na kosa jingine?"

Ugali ulianza kuungua. Hakuna aliyeondoka mezani.

Ndipo akaniambia. Mwaka ule 1988 alikuwa na miaka ishirini na miwili. Ndekirwa alikuwa amemwahidi kumwita Norwei akasome, na wiki chache kabla ya msiba ikaja barua kwamba haiwezekani mwaka huo. Mama alipofariki baba alimtuma Moshi mjini apige telegramu. Alifika posta. Alisimama kwenye foleni. Alipobakiza mtu mmoja mbele yake, akatoka, akaenda kukaa mgahawani akanywa chai mpaka mchana, akapanda gari akarudi nyumbani akasema nimepiga.

"Nilitaka achelewe," akasema. "Nilitaka mara moja tu watu waje walie pale nyumbani, mkubwa niwe mimi."

Telegramu aliipiga siku ya tatu, siku moja baada ya mazishi. Na zile barua nne? Baba mkwe macho yake hayaoni maandishi. Msomaji wa barua za nyumbani alikuwa Elineema. Alisoma salamu, akaruka swali.

Kwa hiyo miaka tisa baba analaani mtoto asiye na kosa. Na ule ubavu kwenye sahani, siku ya harusi yangu! Elineema alikuwa ameketi pembeni yangu, ananishika mkono chini ya meza, anautazama pamoja nami. Aliniambia wakati ule, sikioni, "Ona mtu huyu anavyotuaibisha." Nami nikamhurumia.

Jumatano, 21 Mei

Sijui.

Alhamisi, 22 Mei

Anaamka, ananikorogea chai, anaenda kazini. Masikio yake ni yaleyale. Namtazama akifunga kamba za viatu na sijui namtazama nani. Nikimwita mwongo, anainuka mtu mpole aliyenimenyea ndizi. Nikimwita mpole, naiona foleni ya posta. Nilidhani mtu akioa au kuolewa anapata mtu mmoja.

Na tena nakumbuka anavyougusa mfuko wa koti kila asubuhi. Anayetaka kweli kukataa haubebi mlango mfukoni wiki sita.

Ijumaa, 23 Mei

Nimemwambia Rolande. Nisingesema ningeanguka na mashine ya kusafishia. Sikumtaja aliyekosa, nilisema tu kuna kaka Voss, tuna nafasi ya kushuka, na mume wangu hataki.

Alikuwa amepiga magoti anakwangua gundi kwenye zulia. Hakuinua kichwa.

"Adresse muko nayo?"

"Tunayo."

"Train iko?"

"Ipo."

"Na ule kaka, anawataka?"

"Anatusubiri stesheni."

Hapo akainuka. "Dafrosa, miye sijue kama Carine iko muzima ao amekufa. Kila siku ninapiga simu, inalia mu nyumba haina batu. Kama mutu angeniambia Carine iko stesheni fulani, hata ile stesheni ikuwe mu mwezi, ningekuwa nimekwisha kufika. Na weye unanililia hapa juu ya robe ya kucheza na capitaine?"

"Si gauni, Rolande."

"Alors ni nini?"

Nikaanza kuviringisha waya wa mashine. Akapiga magoti tena. Baadaye akaniletea kahawa kutoka mashine, yenye sukari nyingi, akasema, "Kunywa, mujinga yangu."

Jumatatu, 26 Mei

Koti lake lilikuwa kitini na fomu ilikuwa imechungulia. Sikuichokonoa. Ilikuwa imechungulia yenyewe. Imejazwa. Kisanduku cha bara kimewekwa alama! Na chini, kwenye mstari wa idadi ya watakaoshuka, ameandika kwa wino: 1.

Nimekaa na hiyo moja saa nzima. Moja ni nani? Nikafikiri ni yeye. Anaona haya, anataka kwenda peke yake, mimi nibaki na nahodha. Nikalia kidogo kwa huruma. Nikaanza kumpenda tena upande mmoja.

Aliporudi nikamwambia nimeiona, na kwamba ni uamuzi wa kiume. Akakaa.

"Ni wewe," akasema.

"Mimi nini?"

"Ni wewe utakayeshuka. Barua inasema aliyelituma aje. Aliyelituma ni wewe. Wewe una mdomo mzuri, Dafro, utamweleza. Yeye amekwisha kusamehe, kaandika mwenyewe. Mimi nitakukuta Bergen."

Nilitafuta neno la Kiswahili nikakuta la Kikibosho, nikalisema, haliandikiki. Kisha nikasema, "Jani ni langu. Kosa ni lako. Nikienda mimi nitamwambia nini, kwamba nimekuja kuomba msamaha wa kadi?"

"Ukimwambia wewe atamwona shemeji. Akiniona mimi atamwona—"

Akainuka kitini.

"Atamwona mdogo wake," nikasema. "Miaka tisa anasubiri jibu. Mlango hauna komeo, Elineema, wewe ndiye uliyeushikilia kwa nje."

Akachukua koti akatoka. Amerudi baada ya nusu saa na mkate, kana kwamba alikwenda kununua mkate.

Jumanne, 27 Mei

Jua. Watu wote wamekaa nje kando ya bwawa la Flagey wakila aiskrimu. Nimekaa kwenye benchi peke yangu na nimehesabu bata kumi na saba. Monsieur Constant amepita akanipungia mkono, akanyoosha vidole vitatu: zimebaki siku tatu. Nikampungia.

Nimeamua jambo moja tu. Sitakwenda Voss kusema kwa niaba yake, hata akinipigia magoti. Akiandika hapana, nitavaa gauni, nitacheza, nitakuwa mke wa mtu aliyetoka kwenye foleni. Kama naweza kuwa mke wa huyo, hilo sijaamua.

Alhamisi, 29 Mei

Leo nimefika nyumbani nikakuta mlango wazi na mume wangu kwenye ngazi, ghorofa ya tatu, amekumbatia chungu. Isale refu kuliko yeye! Majani yanampiga usoni, jasho linamtoka, na yule jirani wa ghorofa ya pili anamwelekeza kwa Kifaransa mahali pa kugeuzia. Amelitoa kwa muuza maua karibu na Flagey. Alisimama nalo kwenye tramu 81, abiria mmoja akamuuliza kama ni zawadi ya mkewe.

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ni la kaka yangu."

Tuliliweka dirishani. Tulikaa tukilitazama kama mgeni ambaye hajasema shida yake. Kisha Elineema akatoa fomu mfukoni, akaikunjua ile mikunjo minne juu ya goti, akachukua kalamu. Akaigeuza ile moja kuwa mbili. Nafasi ilikuwa ndogo, kwa hiyo mbili yenyewe imetoka na mgongo mrefu na shingo iliyoshuka, kama mtu mzima anayeinama.

"Nina woga," akasema.

Nikamwambia na mimi ninao. Ni kweli. Sikumwambia nampenda. Nilimshika sikio.

Ijumaa, 30 Mei

Tumerudisha fomu. Monsieur Constant amebusu vidole vyote kumi.

Jumapili, 8 Juni

Elineema amemwandikia Ndekirwa siku na saa ya treni. Kurasa mbili, hakunisomea na sikumwomba. Ya baba, anasema, hayatakwenda kwa barua, maana msomaji wa barua nyumbani ndiye aliyeharibu. Hayo ni ya Desemba, likizo, ana kwa ana. Sijui kama atayatimiza. Desemba iko mbali na Moshi ina migahawa mingi.

Jumatatu, 16 Juni

Namba ya Bukavu imepokelewa! Si Carine, ni jirani, lakini anasema alimwona hai mwezi wa tatu kwenye njia ya Uvira. Rolande amelia juu ya meza ya bwana wa miavuli mitatu, nami nikaipangusa.

Jumamosi, 21 Juni

Naandika kwenye treni ya Zeebrugge. Mashamba ya hapa ni bapa kama meza, ng'ombe wamelala, jua halina haraka. Rolande amepewa funguo alimwagilie isale letu, na ameapa hatakata jani lolote, "hata ikauke yote, sitaki kesi na miti ya kwenu."

Alfajiri nilimsikia Elineema dirishani. Sikuinuka. Nilimwona kwa jicho moja akipitisha kidole jani kwa jani, akachagua, akakata kwa mkono wake mwenyewe. Fundo lilimshinda mara mbili. Mara ya tatu likakaa. Alilifunga kwenye gazeti lenye maji, akalitia mfuko wa ndani wa koti, uleule wa fomu.

Sasa ameketi mbele yangu. Tangu stesheni ya Brugge ameugusa mfuko mara nne. Bado sielewi jinsi mtu mmoja anaweza kuwa na mikono iliyoacha telegramu na mikono inayonikorogea chai, na huenda sitaelewa hata nikizeeka naye. Nimegundua kwamba sijaacha kumtazama.

Anauliza kwa nini gauni la bluu nimelipakia, ilhali jioni ya nahodha hatutakuwepo.

Nimemwambia nitalivaa stesheni.